Situmii Kitu

Ukuta ulikuwa wa Kiogora siku ile. Tangu asubuhi alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, mkongojo ameulaza kando, akichora kwa rangi nyekundu jina la kibanda cha supu pembeni mwa soko la Gakoromone mjini Meru. Soko lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Mikokoteni ya vitunguu iligombania njia na tuktuk, na kila aliyepita alimkanyaga mwenzake bila kuomba radhi. Herufi zilikuwa bado zinameremeta kwa ubichi pale msichana mwenye gauni la manjano, simu sikioni, alipokwepa mkokoteni kwa kurudi nyuma hatua moja kubwa, akajibandika ukutani mgongo mzima.

"Usisogee!" Kiogora akapaza sauti.

Akasogea, tena vibaya, kwa kujisugua kama mtu anayewashwa. Alipogeuka, mgongo wa gauni ulikuwa na neno SUPU, limepinduka kama linavyoonekana kwenye kioo.

"Umenifanya nini wewe?"

"Mimi? Ukuta umesimama hapo tangu wakoloni. Ni wewe umeufuata."

"Si ungeweka alama! Watu huweka alama kwamba rangi ni mbichi."

"Niliweka." Kiogora akanyoosha brashi kuelekea miguuni pake. "Ndiyo hiyo umeikanyaga."

Msichana akatazama chini. Kiatu chake cheupe kilikuwa kimesimama katikati ya kipande cha katoni kilichoandikwa kwa herufi nene: RANGI MBICHI. Mama mmoja muuza ndizi akadakia, "Hebu simama hapo hapo nami niagize! Hiyo supu ya manjano ni ya kichwa ama ya miguu?"

Watu wakaangua kicheko. Msichana, aliyekuwa amekwisha fungua kinywa atukane, akajikuta anacheka kuliko wote, kicheko cha mtu ambaye hakufundishwa kuziba mdomo kwa mkono. Kiogora akaisahau brashi hewani. Rangi ikamdondokea kwenye suruali.

"Sasa tuko sawa," msichana akasema. "Unaitwa nani, nijue namshtaki nani?"

"Kiogora. Wa Muthara."

"Mimi Rwamba, wa Kanja, kule Embu. Nafanya kazi duka la miwani, hapo juu."

"La miwani?"

"Wewe, usiseme."

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

Alipoondoka, alitembea na lile neno mgongoni mpaka mwisho wa barabara bila kujifunika, na Kiogora alimtazama hadi manjano yakamezwa na watu. Namba walikuwa wamepeana, na katika simu yake Kiogora alimwandika jina la Gauni. Rwamba akamwandika Mtu wa Supu.

Basi ikawa ni simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Gauni, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mguu umeamkaje?"

"Umeniuliza kama nimekuota?"

"Nimeuliza mguu, mpenzi. Usijipendekeze."

Mguu wenyewe, wa kulia, ulikuwa na chuma ndani. Kabla hajawa mchoraji wa mabango mjini, Kiogora alikuwa mchumaji wa miraa kwao Muthara, na asubuhi moja ya umande tawi lilimkatikia akiwa juu kabisa, akaanguka na kuvunjika paja. Hospitali walimpasua, wakamtia chuma, wakampa vidonge vya tramadol vya kutuliza maumivu. Vilikuwa vya muda mfupi. Lakini vilipokaribia kwisha mguu ulikuwa bado unawaka moto, akaomba vingine, akapewa. Baadaye akaona aibu kuomba, akapata duka la dawa ambalo muuzaji wake hakuuliza maswali. Miezi ikapita. Maumivu ya paja yakapungua yakawa kero ndogo tu ya siku za baridi, ila vidonge havikupungua. Akichelewa kumeza hadi saa sita mchana, pua ilianza kuchuruzika, miayo ikamfuata kama deni, na miguu yote miwili, hata ule mzima, ikaanza kutambaliwa na siafu ndani ya mifupa. Akimeza, utulivu unarudi. Akajiambia ni mguu tu. Hakumwambia mtu mwingine yeyote jambo lolote.

Na angemwambiaje Rwamba? Walikuwa wanakula njugu hotelini, mvua ya mawe ikipiga mabati, siku alipomweleza habari za kaka yake.

"Nyaga alikuwa fundi wa redio," Rwamba akasema akichora duara mezani kwa maji ya chai. "Mtu safi. Akaanza kutafuna muguka, ile miraa ya kwetu, na marafiki zake, kidogo kidogo. Kisha vidonge vya kumlaza, kwa sababu muguka haimlazi mtu. Baba akimuuliza, 'Nyaga, unatumia kitu?' anajibu, 'Situmii kitu, Baba.' Akiwa ameuza hadi mlango wa choo, bado anajibu, 'Situmii kitu.' Sasa hatujui hata analala wapi."

"Pole, mpenzi."

"Baba yangu atasamehe umaskini. Atasamehe hata kabila." Akatabasamu kidogo. "Na mguu wa chuma pia. Lakini mtu wa kutumia kitu, huyo hataingia kwake. Na mimi pia, Kiogora, siwezi. Sina nguvu ya kusubiri mtu mwingine mlangoni."

Kiogora aliitikia kwa kichwa. Mfukoni mwa shati, karatasi ya vidonge ilimchoma kama kaa la moto.

Rwamba alipompigia siku ya Alhamisi na kusema, "Baba amekubali kukuona. Jumamosi hii, uje na mtu mmoja tu, si harusi," Kiogora aliruka ruka na mkongojo wake chumbani kwake, mtaa wa Makutano, kama mtoto. Halafu akaketi kitandani akafikiri. Ataulizwa. Hakika ataulizwa. Na alikuwa ameapa kwamba hatamdanganya mzee ambaye amekwisha danganywa na mwanawe wa kumzaa. Njia ilikuwa moja tu, akaona: swali litakapokuja, jibu liwe la kweli. Akabeba vidonge vyote alivyokuwa navyo, akaenda chooni nyuma ya ploti, akavitupa shimoni.

"Nimemaliza," akaliambia shimo. "Mimi si mgonjwa tena."

Alijiona mwanamume kamili mpaka jioni.

Ijumaa miguu iliamka kabla yake. Alijigeuza, akajikunja, akajinyoosha, akasimama, akalala sakafuni palipo na baridi, akarudi kitandani. Hakuna namna ya kukaa iliyokuwa namna. Jasho lilimtoka na papo hapo akatetemeka. Tumbo likamfanya mkimbiaji, yeye mtu wa mkongojo. Brashi haikushikika, herufi aliyoianza kwenye mlango wa kinyozi ilitambaa kama mwanambuzi aliyezaliwa sasa hivi.

"Buda, hiyo ni malaria," akasema Koome, rafiki yake wa Muthara mwenye gari la Probox, ambaye ndiye angemsindikiza. "Tuahirishe."

"Hatuahirishi. Ncoolo iko tayari?"

"Iko. Mzee wako ameifunga mwenyewe. Manze, ukiiona utalia."

Ncoolo ni kitita cha miraa cha heshima. Kule kwao Tigania mtu haendi kuomba msichana mikono mitupu. Majani mateule huchumwa, hupangwa, hufungwa kwa majani ya mgomba, na kitita hicho ndicho kinachosema kabla ya watu kusema. Kiogora hakuwa ametafuna miraa tangu aanguke. Lakini baba yake alikuwa amemfungia ncoolo nzuri kama mtoto aliyeviringwa kwa ubatizo, na hakuna hata mmoja kati yao, baba, Kiogora wala Koome, aliyefikiri kuuliza kitita hicho kinasema lugha gani kikivuka kwenda Embu.

Kwa Mzee Njiru, baba yake Rwamba, kule Kanja, nyumba ilikuwa ya mabati mekundu katikati ya shamba la kahawa, ua umefagiwa hadi ukaonyesha mistari ya fagio. Rwamba alikuwa amevaa kitenge cha bluu na kilemba chake, mrembo hata Koome akasahau kufunga mlango wa gari. Alimjia Kiogora akikimbia, kisha akapunguza mwendo.

"Mbona umekuwa hivyo? Macho yako..."

"Ni vumbi la njiani, Gauni."

"Vumbi gani? Jana kulinyesha."

Ndani walikuwa watatu: Mzee Njiru, mrefu, kofia gotini, mkewe Ednah, mwenye macho ya kupima, na Kithaka, mdogo wake mzee, mtu wa nyanda za chini anakolima muguka. Kiogora akasalimu kwa mikono miwili. Koome akatoa ncoolo, akaiweka mezani taratibu, karibu na Biblia.

Ednah akaivuta Biblia upande wake.

"Hii ni nini?" Mzee Njiru akauliza.

"Ni heshima, Mzee," Koome akajibu kwa furaha. "Kwetu ndivyo tunavyobisha hodi."

Kithaka akafunua jani la mgomba kwa kidole, akachungulia, akaangua kicheko kikavu. "Ni miraa, kaka. Wamekuletea miraa juu ya meza yako."

Kiogora alitaka kueleza. Maneno alikuwa ameyapanga vizuri tangu asubuhi. Lakini mwayo ukamjia, mkubwa, wa kupasua taya, mbele ya wakwe. Akauziba kwa mkono, ukaja mwingine. Pua ikachuruzika. Goti la kulia likaanza kuruka ruka, akaliwekea mkono, la kushoto likapokea zamu. Chai aliyomiminiwa ilimwagika kwenye kisahani. Nywele za mikono yake zilikuwa zimesimama, ngozi imejaa vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, ingawa chumba kilikuwa na joto.

"Kijana," akasema Mzee Njiru polepole, "nitakuuliza swali moja tu. Unatumia kitu?"

Lilikuwa ndilo swali lenyewe. Kiogora alikuwa amelipia jibu lake kwa siku mbili za jehanamu. Akamtazama mzee machoni.

"Hapana, Mzee. Situmii kitu."

Kithaka akapiga paja. "Hiyo ni handasi, wazimu wa miraa! Mimi nauza muguka tangu huyu hajazaliwa, sijui kuona mtu aliyeamka bila kutafuna? Tazama miguu! Huyu akipewa hicho kitita sasa hivi atakimaliza na jani la mgomba!"

"Sijatafuna miraa tangu nianguke, naapa..."

"Hata Nyaga alikuwa anaapa," akasema Mzee Njiru. Hakupaza sauti. Akachukua kofia yake, akaivaa ndani ya nyumba, akatoka kuelekea kwenye kahawa yake.

Kiogora akainuka kumfuata, lakini tumbo lilimwahi, akakimbilia choo cha uani akichechemea. Aliporudi, Rwamba alikuwa kando ya gari, kilemba mkononi.

"Sema ukweli. Ulitafuna asubuhi?"

"Rwamba, sijaigusa."

"Basi una nini?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Ulimi ukasogea. Lakini katika macho ya Rwamba alimwona Nyaga amesimama, na vidonge vyake mkononi, na akaogopa kwamba neno moja tu litawafanya wawe mtu mmoja.

"Ni malaria," akasema.

Rwamba akacheka, na hiki hakikuwa kile kicheko cha soko. "Malaria. Nyaga pia alikuwa na malaria kila siku. Nenda, Kiogora. Nenda kabla sijalia mbele yako, maana hiyo furaha sikupi."

Koome aliendesha hadi Chuka. Kisha akasema, "Angalau hawajaturudishia ncoolo."

Jumapili ilikuwa ya kutapika. Jumatatu Kiogora hakuwa na kitu cha kutapika, lakini mwili haukujua. Mifupa iliuma, hata ile ambayo haijawahi kuvunjika. Usingizi ulimkataa. Moyo ulimdunda kwa hofu isiyo na jina. Alipofunga mlango alitaka kutoka, alipotoka alitaka kuingia. Alimpigia Rwamba, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikazimwa.

Akajiambia: nimeacha, nimeteseka, na bado nimempoteza. Sasa nateseka kwa ajili ya nani?

Akavaa shati juu ya jasho, akachechemea hadi kwa yule muuza dawa asiyeuliza. Aliporudi chumbani alikuwa na karatasi kadhaa za vidonge na chupa ndogo ya pombe kali ya kusukumia. Akavimenya kimoja kimoja, akavikusanya kiganjani, zaidi ya alivyowahi kumeza kwa mara moja. Vya leo, akasema moyoni, na vya siku zote nilizokosa. Mkono ulikuwa njiani kwenda mdomoni simu ilipolia. Gauni.

Aliitazama. Angeweza kumeza kwanza. Akapokea.

"Kiogora." Sauti yake ilihema kama aliyekuwa anapanda mlima. "Nijibu haraka, na usinidanganye. Ule mguu wako. Walikupa dawa gani?"

"Kwa nini?"

"Nijibu! Mami ananiuliza. Yuko hapa kando yangu, ameniamsha asubuhi, hajalala. Anasema ile si miraa. Anasema mtu wa handasi hasimamishi ngozi vile wala hapigi miayo kama ile. Shosho, mama yake, alipokuwa na saratani alikuwa anapewa dawa kali ya maumivu. Mvua ikakata barabara, dawa ikaisha ghafla, na shosho akawa vile vile: miayo, kamasi, vipele, miguu haitulii. Wakadhani amerogwa. Kiogora, ulikuwa unameza nini na uliacha lini?"

Akaketi sakafuni. Kitu kifuani kilikatika kama tawi lile la umande.

"Tramadol," akasema. "Tangu nianguke. Nimeacha Alhamisi. Ulivyonipigia, nikaenda kuvitupa chooni. Nilitaka... Baba yako akiniuliza, niwe nasema kweli."

Kisha akasikia Rwamba anamwambia mtu, "Ni hivyo, Mami. Ni hivyo kabisa," na sauti ya Ednah ikaja simuni, nzito, bila salamu.

"Kijana. Mkononi una nini sasa?"

Alijuaje? Wanawake wa Kanja waliumbwa na macho ya ziada. "Vidonge, Mama."

"Vingapi?"

"Vingi."

"Viweke chini. Na kama kuna pombe, imwage, niisikie ikimwagika."

Akaimwaga dirishani. Ednah akasikiliza hadi tone la mwisho.

"Vizuri. Usimeze hata kimoja kabla daktari hajakuambia kiasi. Nenda hospitali sasa hivi, Rwamba atakukuta huko. Mimi nimemzaa, simuwezi, hata ningemfunga kamba."

Hospitalini, Rwamba alifika amevaa gauni la manjano. SUPU ilikuwa bado mgongoni, imefifia kwa kufuliwa. Alimkuta kwenye benchi la nje, miguu ikicheza ngoma yake yenyewe.

"Umevaa hilo?"

"Ndilo lililokuwa juu. Usijipendekeze." Akaketi, akaweka mguu wake juu ya wa Kiogora ili autulize. Ulitulia kidogo, ukaanza tena. "Mjinga wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema huna nguvu ya kusubiri mtu mlangoni."

"Nilimaanisha mtu wa kunidanganya!" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira. "Malaria. Ati malaria. Ungekufa na hiyo malaria yako, mimi ningeolewa na nani, Koome?"

"Koome ana gari."

"Nyamaza, sijakusamehe."

Daktari Igoki alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alisikiliza habari yote bila kushangaa, akampima, akaagiza awekewe maji ya mshipani kwanza.

"Hukufanya dhambi," akasema. "Mwili ukipewa dawa ya namna hii muda mrefu, unaizoea, hata kama aliyeimeza ni askofu. Kosa lako ni kufunga bomba ghafla. Ungekuja kabla hujaacha, tungeshuka ngazi. Wewe umeruka kutoka juu ya mti."

"Nina uzoefu," Kiogora akasema, na Rwamba akamfinya.

"Kwa hivyo nisimeze tena kabisa?" Kiogora akauliza.

"Utameza, lakini kidogo kuliko zamani, na kwa mkono wangu. Tutapunguza polepole. Ukilemewa, tunasimama hapo hapo ngazini, tunapumzika, hatuna mashindano. Hatuongezi bila kuzungumza. Na hivyo ulivyotaka kumeza leo..." Akamtazama juu ya miwani. "Mwili ukishakaa bila dawa huanza kusahau jinsi ya kuihimili. Kiasi cha zamani tu kinaweza kukuzimia pumzi. Rundo lile, pamoja na pombe, lingekutia kifafa ama usiamke kabisa. Simu ya nani ilikuzuia?"

Kiogora akageuza uso upande wa gauni la manjano. Daktari akaandika kitu, akatabasamu kidogo. "Basi huyo naye awe dawa. Yeye hatumpunguzi."

Walishuka ngazi, na ngazi haikuwa laini. Kulikuwa na wiki alizochora mabango yaliyonyooka kama zamani na kuimba mpaka majirani wakalalamika. Kulikuwa na wiki, kila daktari aliposhusha kiasi, ambazo Kiogora aligombana na redio, na mvua, na Rwamba.

"Unanipigia simu kunipeleleza!" alifoka mara moja.

"Nakupigia kwa sababu nakupenda, ng'ombe wewe!"

"Basi sema hivyo!"

"Nimesema hivyo! Tangu asubuhi nasema hivyo kwa kuuliza kama umekula!"

Akakata simu. Baada ya kitambo ikalia tena. "Umekula?" Rwamba akauliza, na wote wawili wakacheka mpaka wakaishiwa pumzi.

Rwamba alimweleza baba yake yote. Mzee Njiru alisikiliza, akasema, "Nimesikia," na kurudi kwenye kahawa yake. Miezi ikapita bila neno. Hadi kahawa ilipoiva, ndipo Ednah alipopiga simu: "Mzee amesema yule kijana wa supu aje. Peke yake."

Kiogora akaenda na fimbo badala ya mkongojo. Shati jeupe, viatu vimeng'arishwa, mikono mitupu. Ncoolo hakuibeba, hakutaka kurudia kosa. Meza ilikuwa ile ile, Biblia pale pale. Kithaka hakuwepo. Rwamba aliketi kando yake, ndani ya gauni la manjano, ameegemeza mgongo kwenye kiti ili baba yake asisome.

Mzee Njiru akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kijana, nitakuuliza swali lile lile. Unatumia kitu?"

Chini ya meza goti la Kiogora likaanza. Mguu wa Rwamba ukapanda juu yake. Angeweza kusubiri miezi michache zaidi, aje akiwa amemaliza, aseme hapana ya kweli na ya salama. Alikuwa amefikiria hivyo njia nzima.

"Ndiyo, Baba. Natumia. Kidonge kimoja kidogo, kila asubuhi, kwa amri ya daktari. Mwezi ujao tunajaribu kupunguza tena. Nikishindwa, nitakaa hapo hapo, kisha nijaribu tena. Siku nitakayomaliza siijui. Nikikwambia naijua nitakuwa nadanganya."

Kuku aliingia mlangoni, akatazama watu, akatoka. Ednah hakumfukuza. Mzee Njiru alikuwa anageuza kofia polepole, ukingo kwa ukingo, kana kwamba anatafuta mahali ilipochanika.

"Nyaga," akasema hatimaye, na jina hilo halikuwa limetamkwa naye chumbani humo tangu Jumamosi ile, hata Ednah akainua uso. "Nyaga hakuwahi kunijibu ndiyo. Hata siku moja. Angenijibu ndiyo mara moja tu, ningeuza hili shamba nimtibu." Halafu macho yake yakashuka mezani, yakapekua, yakarudi kwa Kiogora.

"Na ule mzigo wa majani uko wapi?"

"Sikuuleta, Baba. Mara ile mzigo uliwaudhi."

"Kwenu si ndio huomba msichana?"

"Ndio."

"Sasa umekuja kukaa tu na kunywa chai yangu?" Mzee akavaa kofia, akainuka, na kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ikacheza. "Nenda kwenu ukafungiwe mwingine. Uje na baba yako, abishe hodi kama watu wenu wanavyobisha. Mimi sitautafuna, lakini nitaupokea kwa mikono hii."

Akatoka nje. Kiogora alibaki ametumbua macho, miguu imetulia tuli, tangu lini hakujua. Rwamba akainama sikioni mwake.

"Umesikia, Mtu wa Supu? Inuka. Unangoja nini, rangi ikauke?"